Pikipiki tatu chakavu kwa moja mpya: kisa cha mama wa Buzuruga

Ofa yenyewe ilikuwa hivi: lete pikipiki zako tatu za zamani, ongeza milioni moja taslimu, ondoka na Boxer 150 mpya ina namba, ina bima, na helmeti mbili juu. Mama aliyepewa hiyo ofa anakaa Buzuruga hapa Mwanza, anauza sato pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na pikipiki ndio biashara yake ya pili miaka yote hii. Alivyoisikia tu moyo ukatulia, maana zile tatu zilikuwa zimemchosha, kila siku simu, mara mama klachi imeisha, mara mama nimeisukuma toka Mkuyuni, mara tairi limeisha kashata nashindwa kupanda Igogo. Na hiyo milioni moja anayo. Akaniita nimuangalizie hesabu kabla hajasaini, kwasababu mimi nashika madaftari ya wamiliki kadhaa wa bodaboda huku kwetu na pikipiki zenyewe nazijua.

Naandika kisa chote na namba zake, yeye mwenyewe karuhusu, kwasababu ofa za namna hii zimejaa mjini na watu wanazipima kwa macho. Msimamo wangu nausema mapema: kupeleka pikipiki ya zamani dukani ukaongeza hela ukachukua mpya sio kitu kibaya kabisa, ila sio kila pikipiki inafaa kupelekwa. Iliyo nzuri usipeleke, iliyokufa usipeleke, ile ya katikati ndio yenyewe. Ukiona duka linakwambia leta zote kwa mpigo ujue kuna moja wameipenda na hizo nyingine zinasindikiza.

Sasa pikipiki zenyewe. Ya kwanza ni TVS 125, ina miaka mitatu barabarani, injini haijafunguliwa hata siku moja, anaendesha kijana mmoja mtulivu wa Igoma ambaye habebi mshikaki, yaani abiria wawili kwa mpigo, na oili anamwaga kwa wakati bila kukumbushwa. Ya pili ni Boxer 150 ya miaka mitano, hii inapaki kijiwe cha Buzuruga stendi, injini ilishafunguliwa mara moja ikachongwa bloku ikawekwa pistoni mpya na ringi, inakimbia vizuri ila asubuhi ikiwa baridi inatoa moshi kidogo. Ya tatu ni ya Kichina, mzee kabisa, aliinunua mkononi kwa mtu akiwa ndo anaanza biashara, kazi yake ni kubeba samaki na dagaa kutoka mwaloni kupeleka mjini, maji ya samaki na barafu yanamwagikia nyuma kila siku mpaka fremu chini ya kiti imeliwa na kutu unaona shimo. Injini yake ilikufa mwaka juzi ikawekwa nyingine. Hiyo habari ya injini nyingine ishikeni, tutairudia kwenye makaratasi.

Mama ana kitu kimoja ambacho wamiliki wengi hawana, anaandika. Daftari la kaunta kubwa, kila pikipiki ukurasa wake, hesabu iliyoletwa, yaani hela anayoleta kijana, kushoto na matengenezo kulia. Tulichukua wiki 12 za mwisho tukajumlisha tumekaa kwenye veranda yake, na mimi naona ndio kazi yote ilikuwa pale, mengine yote yalifuata.

TVS ilileta 560,000 na ikala 70,000, ikabaki 490,000. Boxer ilileta 470,000 ila ilikula 215,000, klachi plet, taimingi cheni, tairi la nyuma na cheni na sproketi zake, ikabaki 255,000. Ile ya Kichina ilileta 190,000 ikala 230,000. Yaani ilikuwa inadai. Kwa wiki 12 mama alikuwa anaongezea 40,000 ili pikipiki iendelee kubeba samaki wa watu wengine.

Ukijumlisha zote tatu unapata 705,000. Sasa tuiweke na hiyo mpya. Boxer mpya kwa kijiwe cha pale hesabu yake ni 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 12 unapata 720,000, toa oili na vidogovidogo tuseme 40,000 inabaki 680,000. Nikamuonesha, "Mama, hapa unatoa pikipiki tatu, unatoa na milioni moja juu, halafu unakuja kupata kilekile unachopata leo, tena kinapungua kidogo." Akakaa kimya akaniambia "Lakini mwanangu usumbufu utaisha." Na kweli, usumbufu una thamani yake, simpingi mtu mzima anayeamka saa tisa usiku kwenda kupokea samaki halafu mchana anapigiwa simu za gereji. Ila ukiangalia vizuri huo usumbufu haukuwa unatoka kwa pikipiki tatu. Ulikuwa unatoka kwa moja na nusu. TVS haikumpigia simu ya maana wiki 12 nzima, na yenyewe ilikuwa imewekwa kwenye mafungu ya kuondoka.

Tukaenda dukani. Sitalitaja jina, liko mjini kati, wanauza mpya na hizo wanazopokea wanazitengeneza wanaziuza upande wa nyuma. Muuzaji mchangamfu, "mwangaluka mama yangu karibu, wabeja kwa kurudi", soda ikaletwa. Nilimuomba mama kitu kimoja kabla hatujaingia, tusitaje pikipiki za zamani mpaka tumeuliza bei. Lakini yeye walishamjua, wakarudia ileile ya kwanza: mpya ni 3,400,000, za kwako tunazichukua kwa 2,400,000, unaongeza milioni. Ukisikia hivyo unaona umependelewa, milioni mbili na laki nne kwa chakavu tatu!

Nikatoka nje nikampigia kijana wa kijiweni, akaingia peke yake kama mteja wa kawaida akaulizia pikipiki hiyohiyo, cash leo. Akaambiwa 3,150,000, na usajili na bima na helmeti ndani. Basi. Kumbe ile 2,400,000 ndani yake kuna 250,000 ya hewa, wameipandisha bei ya mpya ili ya zamani ionekane nono. Mama kiukweli alikuwa anapewa 2,150,000 kwa zote tatu.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na inaniuma kwasababu ni hesabu ndogo sana. Mtu anabishana na duka bei ya pikipiki yake ya zamani, duka linampandishia laki mbili, anafurahi, kumbe wameiweka hiyo laki mbili kwenye ile mpya. Wewe uliza bei ya mpya kama huna kitu cha kubadilisha, au mtume mtu. Halafu hesabu hela inayotoka mfukoni mwako, hiyo tu, usibishane na kitu kingine.

Tukarudi ndani nikamwambia muuzaji, kaka naomba unipe bei ya kila moja peke yake, tuseme mama analeta moja tu. Hakupenda. Akaita fundi wao. Na mimi nilisimama namuangalia huyo fundi tu maana mdomo wa muuzaji unasema chochote ila mikono ya fundi haidanganyi. Ile ya Kichina aliipita, akagusa tanki akaendelea. Boxer akaiwasha, akaweka kiganja nyuma ya ekzosi akakinusa, akacheza na klachi mara mbili tatu, akaandika. TVS alikaa nayo. Akaiwasha akaizima akasubiri akaiwasha tena, akachukua bisibisi refu akaweka ncha kwenye bloku na mpini sikioni akasikiliza huku anapandisha moto taratibu, akachungulia boliti za kichwa cha injini kama zimewahi kuguswa na spana, akanyanyua gurudumu la mbele akalizungusha, akabonyeza shokapu. Alivyosimama akamkonyeza muuzaji. Nikajua tayari.

Bei zikaja: TVS 1,250,000, Boxer 800,000, ya Kichina 100,000 "kwa heshima yako mama". Jumlisha. 2,150,000 kamili, namba zikakutana na ile niliyoipiga kichwani.

Sasa mtaani zina bei gani? Hapo sikutaka kukisia. TVS tulikuwa na ofa ya 1,500,000 kutoka kwa mtu wa Sengerema, na nieleze kidogo soko la huko maana limebadilika. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, lile la kilomita 3, mtu wa Sengerema au Geita anakuja Mwanza asubuhi kuangalia pikipiki na anarudi nayo mchana anaiendesha mwenyewe, zamani alikuwa anapiga hesabu ya foleni ya kivuko anaghairi. Madalali wa Buhongwa na Usagara wanalijua hilo, ndio maana pikipiki zenye injini isiyofunguliwa hazikai. Ukiongeza na msimu wa pamba, wakulima wakishalipwa katikati ya mwaka, bei zinapanda tena. Duka nalo linajua, ndio maana lilikuwa linaitaka TVS.

Boxer dalali alisema 950,000 na yeye achukue 50,000 yake, kwahiyo mkononi 900,000, na alikiri inaweza kukaa wiki kadhaa kwasababu ya ule moshi wa asubuhi. Ya Kichina hakuna mtu wa kuinunua kama pikipiki, ila fundi mmoja wa Igoma alitoa 350,000 aichinje spea, injini ile iliyobadilishwa bado nzima, rimu nzima, shokapu za nyuma bado zinadunda.

Weka mezani. TVS duka linakuibia 250,000, ya Kichina 250,000, Boxer 150,000, na ukitoa ya dalali inabaki laki moja tu. Laki moja hiyo ndio bei ya kutosubiri, kutopigiwa simu na wanunuzi wanaokuja kuijaribu na mafuta yako, na kuondokana na klachi ambayo ilikuwa imebakiza siku chache iombe tena. Kwa Boxer mimi nikasema mama, hii waachie. Hii ndio ya kubadilisha.

Ndo maana nasema ya katikati. Pikipiki nzuri ina wanunuzi wengi, duka haliwezi kukulipa kama wao kwasababu na lenyewe linataka kumuuzia huyohuyo mtu wa Sengerema. Pikipiki iliyokufa thamani yake iko kwenye vipande, na duka halina muda wa kuchinja. Ya katikati, ile inayotembea ila ina ugonjwa unaojulikana, duka lina gereji yake, kuitibu kwao ni bei ndogo kuliko kwako, kwahiyo bei yao na ya mtaani zinasogeleana.

Hesabu ikawa hivi. Mpya 3,150,000. Toa Boxer 800,000. Toa ya Kichina 350,000 kutoka kwa fundi. Toa milioni moja ya mama. Inabaki milioni moja haipo. TVS inabaki nyumbani inaendelea na kazi.

Milioni isiyokuwepo ndio ilimpa mama wasiwasi, hataki mikopo, na namuelewa, huku kwetu tumeona pikipiki za mkopo zinavyokamatwa barabarani na abiria juu. Ila yeye yuko kwenye kikoba cha akina mama wa mwaloni, anaruhusiwa kukopa mara tatu ya hisa zake, riba asilimia 10 ya mkopo mzima, kwahiyo anarudisha 1,100,000 kwa miezi minne, 275,000 kila mwezi. TVS na mpya zikiwa pamoja kwa daftari lake ni 1,170,000 kwa wiki 12, mwezi wa wiki nne ni 390,000. Rejesho linatoka na chenji inabaki, bila kugusa mtaji wa samaki. Baada ya miezi minne ana pikipiki mbili zinazofanya kazi na hana deni. Kwa ofa ya duka baada ya miezi minne angekuwa na moja. Kama angekuwa hana kikoba na ni lazima aende kwa wale wa riba ya kila wiki, ningemwambia asubiri tu, auze ya Kichina aache kuvuja, Boxer iendelee mpaka hela itimie. Mkopo wa mtaani ungeila hiyo faida yote.

Haya, makaratasi. Hapa naomba msome taratibu maana mtu anaweza kupiga hesabu zote vizuri akaja kulia hapa.

Boxer kadi ya usajili ilikuwa ya jina la mama, safi. Muuzaji akasema "mama wewe tuachie kadi, saini hapa kwenye mkataba, sisi tukipata mteja tutahamisha moja kwa moja kwa jina lake." Mkataba ulikuwa na sehemu ya mnunuzi haijajazwa. Hii ndio desturi yao, wanakwepa gharama ya kuhamisha mara mbili, na kwao ina mantiki. Kwa mama ni hatari tupu. Tangu siku hiyo mpaka ipate mteja pikipiki inazunguka na jina lake, inajaribiwa na watu, inaazimwa na mafundi wa duka kwenda kula. Ikigonga mtu Nyakato usiku, au ikatumika kwenye uporaji wa simu, polisi wanasoma kadi wanakuja Buzuruga kugonga mlango wa mama. Hawaendi dukani.

Gharama ya kuhamisha sio ya kuogopa. TRA, mamlaka ya mapato, kwa pikipiki ni 27,000 ya kuhamisha, 10,000 ya kadi mpya, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, kwa 800,000 ni 8,000. Jumla 45,000. Tulibishana nao nusu saa kwa hiyo 45,000, mwisho wakakubali ihamie jina la mmoja wa wahusika wa duka na mama achangie nusu. Nilimwambia atoe bila kinyongo. Mkataba ukaandikwa upya kwa wakili, namba ya usajili, namba ya injini, namba ya chasisi, tarehe na SAA ya kukabidhi, nakala za vitambulisho vya NIDA vya pande zote. Saa ni muhimu jamani. Ajali inatokea saa kumi, wewe umekabidhi saa sita, mkataba usio na saa hautakusaidia kitu siku hiyo.

Kingine kwenye Boxer, faini. Muuzaji alitaka kukata 100,000 "maana hizi za bodaboda zina madeni ya trafiki". Tukaingiza namba ya pikipiki kwenye mfumo wa polisi pale pale kwenye simu, zikaonekana faini tatu ambazo kijana hajawahi kumwambia mama. Faini za pikipiki zilishashushwa tangu bajeti ya 2021, kutoka 30,000 kwenda 10,000 kwa kosa, kwahiyo hata ukiweka na nyongeza ya kuchelewa haifiki hata nusu ya hiyo laki. Tukalipa wenyewe, tukamuonesha risiti, makato yakafutika. Angalieni madeni kabla hamjaenda dukani, lipeni wenyewe, usimpe mtu nafasi ya kukukadiria.

Ya Kichina ndio ilikuwa kichwa cha kuuma. Kadi bado ilikuwa na jina la yule aliyemuuzia mama miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kwenda TRA. Na namba ya injini kwenye kadi ni ya injini iliyokufa, ya kwenye pikipiki ni nyingine kabisa. Fundi wa Igoma hilo halimsumbui, yeye anataka chuma. Ila akaomba na kadi. "Mama nipe na kadi tu iwe ushahidi." Nikakataa palepale na mama akashangaa ukali wangu.

Kadi ya pikipiki iliyokufa ina soko lake. Mtu ana pikipiki ya wizi haina karatasi, ya aina ileile na rangi ileile, anatafuta kadi halali na bati la namba, anagonga namba mpya kwenye chasisi, pikipiki inafufuka. Siku ikikamatwa kadi inasoma jina la mtu ambaye hajui chochote. Sisemi huyo fundi alikuwa na nia hiyo, namfahamu ni mtu wa kazi, ila kadi ikitoka mkononi hujui itafika kwa nani. Njia yake ni kwenda TRA kufuta usajili, unarudisha kadi na bati za namba, pikipiki inakuwa imekufa kwenye mfumo kama ilivyokufa barabarani. Na anayetakiwa kuomba ni aliyeandikwa kwenye kadi, sio mama.

Yule bwana yuko Ukerewe siku hizi. Bahati nzuri namba yake ya simu mama alikuwa nayo, na alivyoelezwa kwamba jina lake limekuwa likibeba samaki Kirumba miaka yote hii bila yeye kujua kama kuna bima au hamna, alipanda meli kutoka Nansio mwenyewe, hakutaka hata nauli. Wakaenda wote TRA. Injini mama alikuwa na risiti yake ya dukani kwahiyo fundi akauziwa injini na vipande kwa mkataba wa spea, na risiti ikabanwa humo. Fremu ikakatwa vipande viwili mbele yetu na msumeno. Mama alisimama kidogo anaiangalia, ndio pikipiki iliyomuanzishia biashara, akasema "haya imetumika", akahesabu hela zake.

Mpya nayo ina ya kwake. Kadi itoke kwa jina la mama na TIN ya mama, sio ya mtoto wake wa kiume "ili kurahisisha", hilo lilijaribiwa likakataliwa. Bima muulize ni ya muda gani na ihakikini namba ya stika, msichukue karatasi tu. Leseni ya LATRA, ile ya kubeba abiria, ni ya chombo chenyewe, ile ya Boxer ya zamani haihami, na kijana akikamatwa anabeba abiria bila leseni ya hii mpya hamna utetezi. Na injini mpya ilindwe mwanzoni: sevisi ya kwanza Boxer ni kati ya kilomita 500 na 750, oili imwagwe yote, na kipindi hicho isikimbizwe na isipande mlima wa Bugando imebeba watu wawili na gunia. Mwanza hii na mawe yake na vilima vyake inaua klachi za watu bure, nusu ya gereji za Mabatini zinaishi kwa hilo.

Imebaki habari ya vijana, na hapa mimi na mama hatukukubaliana na mpaka leo hatujakubaliana.

Pikipiki zilikuwa tatu, sasa mbili. Wa TVS hana shida, kabaki na pikipiki yake. Mpya kapewa aliyekuwa na Boxer, pamoja na kwamba alificha faini tatu. Mimi nilisema mpya apewe wa TVS, maana daftari linaonesha anatunza, na huyu mwingine arithi TVS. Mama akakataa akasema "Mtu na pikipiki yake wameshazoeana, nikimtoa nitavuruga zote mbili", na kwa upande mmoja ana hoja, TVS ile iko vile kwasababu ya yule kijana na sio kwasababu ya TVS. Ila naogopa mpya itakavyokuwa baada ya mwaka.

Wa Kichina ndio aliyeumia. Huyu kijana alikuwa anaamka saa kumi kwenda mwaloni kupakia samaki, pikipiki ikimfia njiani anaisukuma na mzigo, hesabu yake kuwa ndogo halikuwa kosa lake, alipewa chombo kibovu. Kwenye ofa ya duka wangebaki bila kazi vijana wawili na hakuna aliyelitaja hilo hata mara moja, soda zilinywewa na makaratasi yakaletwa. Mama kamuweka deiwaka, yaani wa kushikia siku moja moja, siku ya Jumapili anachukua mpya, na siku ambazo mwenzake hayupo, na alimpa 50,000 kutoka kwenye ile ya spea. Mimi nasema ni kidogo, na watu wawili kwenye injini mpya ni hatari, ikigonga kitu kila mmoja atasema sio mimi. Nilipendekeza akimaliza kikoba amkopeshe huyu kijana TVS kwa mkataba, alipe taratibu mpaka iwe yake, na yule wa TVS apande kwenye pikipiki mpya nyingine. Anasema tutaona.

Marejesho mawili ya kikoba yameshaingia kwa wakati, 275,000 kila moja. Kadi ya Boxer ya zamani imetoka TRA na jina jipya, mama anayo picha yake kwenye simu. Na pale dukani upande wa nyuma hiyo Boxer niliiona, imepakwa rangi, imewekewa kiti kipya na klachi mpya, inauzwa 1,150,000.